Walioitwa magaidi na ripoti za mikopo

Miaka mitano imetimia tangu Juni 25, 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu katika kesi ya kampuni ya ripoti za mikopo TransUnion dhidi ya Ramirez, na ubishi juu yake haujaisha. Kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kwamba mtu aliyeandikiwa uongo katika faili lake la mikopo hawezi kudai fidia katika mahakama za shirikisho iwapo uongo huo haujamfikia mtu mwingine. Walikosea, na historia ya kesi za namna hii inaonyesha ni wapi.

Biashara ya kuuza habari za wakopaji ilishika mizizi New York mwaka 1841, pale Lewis Tappan, aliyejulikana zaidi kwa kupiga vita utumwa, alipofungua Mercantile Agency. Mawakala wa mikoani walimwandikia nani analipa na nani hulipa kwa kusukumwa, na wauzaji wa jumla walilipia habari hizo. Mfanyabiashara wa Norwalk, Ohio, aliishtaki kampuni hiyo kwa sababu daftari la kampuni lilidai kwamba mkewe alikuwa mbioni kuomba talaka na matunzo. Benjamin Douglass, aliyerithi kampuni, alikubali kulala jela kuliko kumtaja wakala aliyepeleka umbea huo, na mwaka 1870 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu iliyompa mlalamikaji fidia. Karne nzima ilipita kabla ya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya ripoti za mikopo, mwaka 1970, iliyompa mwananchi haki ya kuliona faili lake, kulipinga na kushtaki.

Sheria hiyo ndiyo aliyoitegemea Ramirez. Mwaka 2011 alikwenda na mkewe na baba mkwe wake kununua gari la Nissan huko Dublin, California. Muuzaji alipovuta ripoti, ilitoka na tahadhari kwamba jina lake linalingana na jina lililo katika orodha ya Wizara ya Fedha, wanamowekwa magaidi na wauza mihadarati. Akakataa kumuuzia, na gari likanunuliwa kwa jina la mke. TransUnion ilikuwa ikilinganisha jina la kwanza na la ukoo tu. Tarehe ya kuzaliwa haikuitazama. Tena haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilikwisha kuihukumu kampuni hiyo katika kesi ya Cortez kwa tahadhari ya aina ileile. Ndiyo maana wananchi walioketi kuamua kesi ya Ramirez mwaka 2017 walisema kosa lilikuwa la makusudi, wakatoa fidia iliyozidi dola milioni 60 kwa watu 8,185.

Mahakama ya Juu iliwabakiza 1,853 tu katika dai kuu, wale ambao ripoti zao zilikuwa zimepelekwa kwa wakopeshaji. Waliobaki, 6,332, Jaji Kavanaugh aliwafananisha na mtu aliyeandikiwa barua ya kashfa ikaachwa ndani ya mtoto wa meza: haijasomwa, haijadhuru. Hoja hiyo ina nguvu kwa barua ya mtu binafsi. Lakini faili la mikopo limetengenezwa ili liuzwe, na mwenye jina hajui ni lini mnunuzi atabisha hodi. Wengine wanahofia kwamba fidia kubwa zitaziangusha kampuni hizi na mikopo ipande bei. Sheria haidai ukamilifu. Inadai utaratibu wa busara wa kufikia usahihi wa juu kadiri inavyowezekana, na kutazama tarehe ya kuzaliwa hakufilisi mtu. Jaji Thomas, aliyepinga uamuzi pamoja na majaji watatu wa upande wa kiliberali, alieleza kwamba haki ya usahihi huo Bunge lilimpa kila mtu mmojammoja, na mahakama haina kazi ya kuipunguza.

TransUnion hiyohiyo ina ofisi Nairobi, ambako kuorodheshwa CRB (ofisi ya kumbukumbu za mikopo) kumewafungia wengi mlango wa mkopo. Mwaka 2020 Kenya ilipiga marufuku kuorodhesha watu kwa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000. Hatua hiyo iliwanusuru wadaiwa wadogo, lakini asiyedaiwa kitu na ameandikwa kwa makosa anahitaji mlango wa mahakama ulio wazi kabla benki haijamkataa.