FILIMBI YA MWALIMU – Sehemu ya 3

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Mwalimu wa Historia, ambaye pia ni kocha wa riadha katika sekondari moja mkoani Geita, aliita mahudhurio ya mazoezi alfajiri akamkosa mtu mmoja tu: mkimbiaji wake wa mita 5,000. Zilibaki siku 2 kabla ya mchujo wa UMISSETA ngazi ya mkoa. Jioni, dada mdogo wa kijana huyo alimletea kiatu kimoja cha mazoezi na neno moja: "Nyarugusu."

SASA ENDELEA...

Dereva wa bodaboda alikataa kusogea zaidi. "Ticha, mimi naishia hapa. Huko mbele kuna wenyewe," alisema, akapokea nauli na kugeuza.

Niliufuata kwa miguu mlio wa makarasha. Ilikuwa saa 3 usiku, lakini machimbo yalikuwa kama ndiyo kwanza yanaamka. Mama lishe walikuwa wakipakua ugali na dagaa. Vijana wenye tochi kichwani walipita na viroba vya mawe mgongoni, na vumbi lilikuwa limewapaka wote rangi moja na umri mmoja. Katika vumbi lile, ningemjuaje mtoto wangu?

Kando ya karasha ya kwanza, mama mmoja alikuwa ameketi akiponda mawe kwa nyundo.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," aliitikia bila kuinua macho. Nilipomwonyesha kile kiatu, nyundo ilisimama.

"Wewe ndiye mwalimu wa mbio?"

"Ndiye mimi, mayu."

"Amekutaja sana. Anasema unahesabu watu wako kila asubuhi." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mama yake amelazwa. Mwenye duara amemwahidi viroba 2 vya mawe akishuka usiku 3. Leo ni wa tatu."

Viroba 2! Anayeishi ukanda huu anaijua hesabu hiyo. Mawe yakisagwa, yakaoshwa, yakachanganywa na zebaki, yanaweza kutoa dhahabu ya kulipia matibabu, na yanaweza kutoa tope tupu. Mtoto wa Kidato cha Tatu alikuwa ameiweka roho yake rehani kwa bahati iliyojificha ndani ya jiwe.

"Yuko duara lipi, mayu?"

Hakunijibu. Alinyoosha kidole kuelekea mahali ambapo watu walikuwa wamekusanyika kimya. Nikakimbia.

*

Wiki 2 kabla ya usiku ule, nilikuwa nimeikalisha timu yangu chini ya mwembe nikawasimulia habari za Suleiman Nyambui. Alizaliwa mwaka 1953 Majita, upande wa Musoma, kando ya ziwa hili hili letu. Kabla dunia haijamjua, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mbio zikamfikisha El Paso, Texas, mji wa Marekani unaotazamana na Mexico ng'ambo ya mto, akasoma chuo kikuu huku akikimbia. Moscow, mwaka 1980, alimaliza mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa tofauti isiyofika sekunde 1. Fedha yake na ile ya Filbert Bayi ya mwaka huo huo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania inazo mpaka leo. Mwaka 1987 na 1988 alishinda marathoni ya Berlin, kisha akarudi kwenye kazi aliyoanza nayo, kufundisha, safari hii akiwa kocha.

Kijana wangu alinyoosha mkono. "Mwalimu, kabla hajafika huko kote, nani alikuwa wa kwanza kumwona?"

Nilimwambia kwamba kila mkimbiaji ana mtu wa kwanza aliyemhesabia mizunguko.

"Basi mimi wa kwangu ni wewe," alisema.

*

Mshika kamba alikuwa kijana mdogo mwenye midomo mikavu. "Matimba yalilia saa 11 jioni, Ticha. Kifusi kikashuka. Watu 7 walipanda. Mwanafunzi wako hakupanda."

Wenzake walikuwa chini wakifukua, huku juu makarasha yakiendelea kunguruma. Hapo nikaikumbuka Nyangalata, Kahama. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa pale, na baada ya siku 41 watu 5 walitolewa wakiwa hai, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Waliokolewa kwa sababu wachimbaji wenzao walisikia sauti zao.

"Zimeni karasha!" nilipaza sauti. "Zote! Atasikikaje kwenye kelele hizi?"

Mwenye duara alinitazama, akamtazama yule mama aliyekuwa amenifuata na nyundo yake mkononi, kisha akainua mkono. Moja baada ya nyingine, mashine zikanyamaza.

Nilipiga magoti mdomoni mwa duara nikatoa filimbi. Mazoezini nikipuliza mara 2, kila mkimbiaji hupiga makofi 3, hata akiwa nyuma ya kilima, ili nijue yupo. Hakuna anayeijua ishara hiyo isipokuwa aliyewahi kukimbia chini yangu.

Nikapuliza mara 2.

Kimya.

Nikapuliza tena. Ndipo likaja: ko, ko, ko. Jiwe juu ya jiwe.

Watu walishangilia, lakini mshika kamba aliganda. "Ticha, sauti hiyo haitoki humu." Akaelekeza tochi hatua 10 pembeni, kwenye duara la zamani lililofungwa tangu masika, lenye maji mdomoni.

Kabla sijasimama, jiwe liligongwa tena mara 3, kwa mkono mwingine, mzito zaidi. Kisha mara 3 tena. Kisha tena.

Nilihesabu. Walikuwa wanne.

Alfajiri ile alikosekana mmoja tu. Mikono ikaanza kunitetemeka, kwa maana niliyakumbuka majina 3 ambayo mimi mwenyewe, kwa nyakati tofauti, niliyakata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: MTORO.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.

Nawe mwalimu unayesoma hapa, Jumatatu ukifungua daftari la mahudhurio, usikate jina la mtoto kabla hujajua yuko wapi.