Surekha Sikri: Bibi mkali aliyetawala tamthilia ya Balika Vadhu

Kama umewahi kutazama tamthilia ya Kihindi, iwe nyumbani kwako, kwa jirani au kwenye kibanda cha video, basi bibi huyu unamfahamu. Ni yule mzee anayekaa kwenye kiti chake ukumbini, mtandio kichwani, na mlango ukigongwa yeye ndiye wa kwanza kutazama nani anaingia. Watoto wake watu wazima humwogopa. Wakaza wana hawathubutu kuinua macho mbele yake. Akikohoa, nyumba nzima inanyamaza.

Waigizaji wengi wamejaribu nafasi hiyo, na wengi huishia kutoa macho na kupiga kelele. Aliyeifanya iaminike kuliko wote, kwa maoni yetu, ni Surekha Sikri, aliyeigiza Kalyani Devi katika Balika Vadhu. Wahusika wengine humwita Dadi Sa. Kwa Kihindi dadi ni bibi mzaa baba, na hilo "sa" ni neno la heshima wanaloongeza watu wa Rajasthan, jimbo kame lililoko kaskazini magharibi mwa India.

Alizaliwa New Delhi tarehe 19 Aprili 1945, na sehemu ya utoto wake aliishi Almora na Nainital, miji ya milimani. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh. Uigizaji haukuwa mpango wake, kwani alitamani kuwa mwandishi. Kikundi cha maigizo kilichoongozwa na Ebrahim Alkazi kilipofika Aligarh na igizo la Shakespeare, King Lear, aliyewaka moto wa kuigiza alikuwa mdogo wake. Huyo ndiye aliyeleta nyumbani fomu ya kujiunga na Shule ya Taifa ya Maigizo ya New Delhi, kisha hamu ikamwisha. Fomu ikakaa tu ndani ya nyumba, hadi mwishowe Surekha akaijaza mwenyewe. Akakubaliwa, akahitimu mwaka 1971.

Baada ya hapo alikaa miaka zaidi ya 10 na kikundi cha waigizaji wa shule hiyo hiyo, akicheza jukwaani. Ni vizuri kulikumbuka hilo, maana watu wengi walimwona kwa mara ya kwanza akiwa tayari mzee, wakadhani ameokotwa mtaani kwa sababu ya sura yake. Sauti ile nzito iliyofika hadi nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti ilitengenezwa kwa miaka mingi ya kazi. Mwaka 1989 alipewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, heshima kubwa ya India kwa wasanii wa jukwaani.

Filamu yake ya kwanza, Kissa Kursi Ka, ilitoka mwaka 1978. Ilikuwa ya kuwacheka wanasiasa na uchu wao wa madaraka, na nakala za toleo la awali zilikuwa zimechomwa moto wakati serikali ya Indira Gandhi ilipotangaza hali ya hatari, ikabidi filamu itengenezwe upya.

Kazi iliyomtambulisha kwa Wahindi wengi ilikuja mwaka 1988 kupitia Doordarshan, televisheni ya taifa. Jina lake ni Tamas, yaani giza, na inaeleza mauaji ya mwaka 1947 wakati India na Pakistan zilipogawanywa. Surekha aliigiza Rajo, mama wa Kiislamu wa kijijini. Wazee wawili wa Kisingasinga, mume na mke, wanakimbia kuuawa na kubisha hodi mlangoni kwake. Mumewe na mwanawe hawapo. Rajo anajua hatari, anasita, kisha anawafungulia na kuwaficha. Hana hotuba yoyote ya kueleza kwa nini. Unaona usoni mwake mtu anayepima maisha ya wageni na usalama wa nyumba yake, na muda wa kupima ni mfupi. Kwa nafasi hiyo alipata Tuzo ya Taifa ya Filamu kama mwigizaji bora msaidizi wa kike. Aliipata mara ya pili kwa filamu ya Shyam Benegal iitwayo Mammo, ambamo ni mjane wa Bombay anayelea mjukuu na kumpokea dada yake kutoka Pakistan.

Labda tueleze hapa maana ya mwigizaji msaidizi. Ni yule ambaye picha yake haiwi kubwa kwenye bango. Hadithi si yake, na malipo yake hayafanani na ya nyota. Lakini mkamwana hawezi kuonekana anateseka ikiwa mama mkwe haogopeshi. Surekha aliishi na kazi za namna hiyo kwa miaka 40 na zaidi, mama wa huyu leo, shangazi wa yule kesho.

Balika Vadhu, maana yake bibi harusi mtoto, ilianza kurushwa tarehe 21 Julai 2008 katika chaneli ya Colors, siku ile ile chaneli yenyewe ilipozinduliwa. Surekha alikuwa na miaka 63. Hadithi inaanza na Anandi, binti wa miaka 8 anayeozwa kwa Jagdish, mvulana mdogo kama yeye, na kupelekwa kuishi kwa wakwe. Sheria ya India inakataza ndoa ya msichana chini ya miaka 18 na mvulana chini ya miaka 21, na marufuku ya kwanza iliwekwa zamani sana, mwaka 1929. Hata hivyo ndoa hizo ziliendelea vijijini, hasa Rajasthan, na nyingi zilifungwa siku ya sikukuu ya Akha Teej.

Dadi Sa ndiye mlinzi wa mila hiyo ndani ya nyumba. Anandi anapenda kusoma, bibi anamtoa shule. Mwanawe Basant anapofiwa na mke, bibi anamtafutia Gehna, binti maskini wa umri wa kuwa mtoto wake, kwa kuwalipa wazazi fedha. Kwa wajane hana huruma, ingawa yeye mwenyewe ni mjane, na yeye mwenyewe aliolewa akiwa mtoto.

Hapo ndipo Surekha alipofanya kazi kubwa. Hakumchezesha Dadi Sa kama shetani. Mjukuu wake Jagdish humwangalia kwa mapenzi yaliyopitiliza, na mara nyingine anakaa peke yake, uso umelegea, na unatambua kwamba anayowatendea wengine ndiyo aliyotendewa. Bibi wa namna hiyo wengi wetu tunaye katika ukoo. Wakati wa kuonyesha miaka ya nyuma, nafasi ya Kalyani kijana ilichezwa na Heeba Shah, ambaye kweli ni binti wa dada yake Surekha na mwigizaji Naseeruddin Shah. Ufanano wa sura haukuhitaji rangi za usoni.

Kisha mhusika akabadilika, polepole kama watu wabadilikavyo. Jagdish anapokwenda mjini kusoma na kuoa mke mwingine, Dadi Sa, ambaye hakuwahi kumnyima kijana huyo kitu, anasimama upande wa Anandi. Baadaye anakubali binti huyo aolewe tena. Tamthilia ilidumu miaka 8, ikaisha Julai 2016 baada ya vipindi zaidi ya 2,000. Tukisema ukweli, miaka ya mwisho ilivutwa mno, kama tamthilia nyingi za huko.

Mwaka 2018 ikatoka filamu ya Badhaai Ho. Ni kichekesho cha mama mtu mzima anayepata mimba wakati vijana wake wamekua, na Surekha ndiye mama mkwe. Kwanza anamsema mkamwana mbele ya kila mtu. Baadaye wako kwenye harusi, ndugu wanaanza kumsengenya yule mama, na bibi anawageukia wao: huyu mnayemcheka ndiye aliyenitunza, ninyi mlikuwa wapi? Maneno ni yetu, lakini hiyo ndiyo maana. Watu walicheka, kisha wakatafuta leso.

Filamu ikiwa bado sinemani, Novemba 2018, alianguka akiwa kazini Mahabaleshwar na kupata kiharusi. Desemba 2019 alipokea Tuzo ya Taifa kwa mara ya tatu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi.

Mwaka uliofuata ukaja na korona. Serikali ya jimbo la Maharashtra, ambako ndiko Mumbai iliko, iliruhusu upigaji picha urejee lakini ikawakataza waigizaji na mafundi wenye zaidi ya miaka 65 kufika kazini. Nia ilikuwa kuwalinda. Kwa watu wanaolipwa kwa siku waliyofanya kazi, ilikuwa ni kufungiwa riziki. Surekha, mwenye miaka 75 na mwili uliodhoofika, alisema hadharani kwamba hataki sadaka, anataka kazi, na hapendi kukaa nyumbani kuwa mzigo kwa familia. Mwigizaji mwingine mzee alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na tarehe 7 Agosti 2020 Mahakama Kuu ya Bombay ikaifuta amri hiyo.

Kwake ruhusa ilichelewa. Mwezi uliofuata alipata kiharusi cha pili, na moyo wake ukasimama tarehe 16 Julai 2021 mjini Mumbai, akiwa na miaka 76. Wiki chache baadaye, mwezi Agosti, Colors ilianza kurusha Balika Vadhu ya pili, na bibi harusi mtoto alipewa jina lile lile, Anandi.