Ndoo ya dharura: historia inayoanzia hapa hapa Songea (Sehemu ya 3)

Mama zangu, dada zangu, na akina baba wachache mnaosoma kimya kimya bila hata kulaiki. Nawaona.

Sehemu mbili zilizopita tuliongelea homa na degedege. Baada ya hapo swali lililonijia zaidi ni hili: "Nesi, nyumbani niwe na vitu gani vya dharura, na hela yenyewe ndo hii hii ya mboga?" Jibu lipo, tena ni fupi, liko mwishoni. Ila naomba kwanza nikupitishe kwenye historia. Ukijua kila kitu kwenye ndoo kimetoka wapi, hutakitoa ovyo ukasahau kukirudisha.

1. NJAA ILIYOKUJA BAADA YA VITA

Sisi wa Songea kila Februari tunakumbushwa Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu wa Kingoni hapa mjini, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, naye akanyongwa mwaka huo. Watoto wakienda makumbusho wanarudi wanasimulia mikuki, ngao, kitanzi na maji ya Kinjeketile.

Kinachosimuliwa kidogo ni hiki: watu wengi zaidi hawakufa kwa risasi wala kwa kitanzi. Walikufa kwa njaa, na kwa magonjwa yanayokuja na njaa.

Vita vilianzia Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, vikafika huku Ungoni mwezi Septemba. Oktoba mwaka ule ule ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia Gavana von Götzen kwamba mapigano peke yake hayatatosha, kitakachowafanya watu wasalimu amri kabisa ni njaa. Na ndivyo walivyofanya. Vijiji vikachomwa, mashamba yakachomwa, nafaka iliyokuwa ghalani ikabebwa au ikateketezwa. Wanaume wakiwa wameuawa au wamekimbilia porini, wengine hadi Msumbiji, waliobaki wakiangaliana na ghala tupu walikuwa akina mama na watoto. Hakukuwa na chakula, na hata mbegu ya kupanda mvua ikinyesha haikuwepo.

Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Chukua hesabu yoyote unayotaka, bado wengi wao ni watu wa baada ya vita, yaani ile miezi ya mbele ambayo bunduki zilishanyamaza.

Kama nesi, nikisoma habari hii naelewa kilichotokea kwenye nyumba zile. Mtoto mwenye njaa kali hafi kwa njaa peke yake. Mwili unaishiwa nguvu ya kupambana, halafu anakuja kuondoka kwa kuhara, kwa nimonia, au kwa surua. Kitu ambacho mtoto aliyeshiba angekimaliza kwa wiki moja, yeye kinammaliza.

Hapo kuna mafundisho mawili. La kwanza: tukio lenyewe linapita, kinachoua ni siku zinazofuata. La pili: akiba yote ikikaa sehemu moja, moto mmoja unaimaliza.

Nchi yetu ililijua hilo. Baada ya ukame na uhaba wa chakula wa miaka ya 1973 hadi 1975, serikali ilianza kujenga akiba ya taifa ya nafaka, na leo kazi hiyo inafanywa na NFRA, hawa hawa wanaonunua mahindi yetu hapa Ruvuma. Fikiria: mkoa uliowahi kuuawa kwa njaa leo unalisha mikoa mingine. Sasa kama taifa linaweka akiba, nyumba yako nayo inatakiwa iwe na kaakiba kake, hata kama ni kadogo.

2. MAMA NDIYE DAKTARI WA KWANZA

Sasa nikutoe Songea kidogo nikupeleke India, kwa sababu kitu muhimu kuliko vyote kwenye ndoo yako kilijaribiwa huko, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita kama walivyokimbia bibi zetu.

Mwaka 1971 Bangladesh ilikuwa ikipigania uhuru wake. Mamilioni ya watu wakavuka mpaka kuingia India. Kwenye mji mmoja wa mpakani unaoitwa Bongaon, kipindupindu kikalipuka kambini. Wagonjwa wamelala chini wamejaa, na dripu zikaisha. Waliokuwa wakifariki walikuwa karibu 30 kati ya kila wagonjwa 100.

Alikuwepo daktari anaitwa Dilip Mahalanabis. Akaamua jambo ambalo madaktari wengi wa wakati ule waliliona ni la kihatarishi: akachanganya chumvi, sukari ya glukosi na magadi ya kuokea kwenye maji safi, akajaza kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wachote wenyewe wawanyweshe wagonjwa wao kwa kikombe. Ndugu wasio na cheti chochote, akina mama, akina dada, mababa. Vifo vikashuka hadi chini ya 4 kati ya 100.

Ile ndiyo ORS, pakiti hii hii unayoiona duka la dawa Lizaboni au Bombambili. Siri yake ni kwamba utumbo, hata ukiwa unaumwa, ukipewa chumvi pamoja na sukari unakubali kuvuta maji kuyaingiza mwilini. Maji matupu hayafanyi hivyo vizuri. Chumvi tupu ndiyo kabisa, inaharibu.

Bangladesh hawakuishia hapo. Kuanzia mwaka 1980 shirika lao la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, wakifundisha akina mama kuchanganya maji hayo jikoni kwao wenyewe. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wameshapita kwenye nyumba zaidi ya milioni 12. Hawakwenda kujenga hospitali milioni 12. Walikwenda kuacha ujuzi mikononi mwa mama.

Hili ndilo ninalotaka ulishike. Mtoto akianza kuhara saa nane usiku kijijini kule Namtumbo au Nyasa, mvua imekata barabara na bodaboda hapatikani, mtu wa kwanza wa afya atakayemfikia si mimi. Ni wewe. Ukiwa na pakiti mbili za ORS, unanunua muda. Mtoto akifika kwetu akiwa bado ana maji mwilini, kazi yetu inakuwa nyepesi. Akifika amekauka, macho yamebonyea ndani, amelegea kama kitambaa, hata kupata mshipa wa kuwekea dripu ni vita nyingine.

Kama pakiti huna: maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa. Usizidishe chumvi hata kidogo. Mchanganyiko ukikaa zaidi ya saa 24, mwaga utengeneze mwingine. Na ziwa la mama linaendelea, usimwachishe.

3. SANDUKU LA ZAHANATI

Turudi nyumbani Tanzania. Wazee waliofanya kazi kwenye zahanati za vijijini wanaikumbuka miaka ya 1980 mwanzoni. Uchumi ulikuwa mbaya, fedha za kigeni hakuna, zahanati zimejengwa kila mahali lakini rafu tupu.

Mwaka 1983 hadi 1984 ukaanza Mpango wa Dawa Muhimu, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Wazo lilikuwa rahisi. Badala ya kila zahanati kuomba dawa na kusubiri, likatumwa sanduku lililofungwa, lenye vitu vile vile, kwa hesabu ile ile. Zahanati ilikuwa na sanduku lake na kituo cha afya kina lake. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na masanduku haya yalifuata fikra hiyo: orodha fupi, ya vitu vinavyotibu magonjwa ya watu wengi. Madoido hayakuwa na nafasi.

Sanduku lilisaidia sana. Mama aliyetembea kilomita nyingi na mtoto mgongoni akawa anakuta dawa. Lakini lilikuwa na kasoro moja. Sanduku la zahanati yenye malaria nyingi lilikuwa sawa na la zahanati ya sehemu ya baridi. Matokeo yake huku dawa fulani inaisha mapema, kule ile ile inarundikana mpaka inapita tarehe. Ndiyo maana baadaye mfumo ukabadilishwa taratibu, vituo vikaanza kuagiza kulingana na mahitaji yake, kupitia Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993.

Kwa hiyo ukiona mtandaoni mtu anauza sanduku la huduma ya kwanza zuri, jekundu, lina msalaba, kabla hujatoa hela jiulize: hili limepangwa kwa ajili ya nyumba ya nani? Mwenye mtoto mchanga, mwenye ujauzito wa miezi minane na anayeishi na bibi mwenye presha hawahitaji vitu vile vile. Panga lako.

4. SASA TUFUNGE NDOO

Tumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko, hata ile ya rangi iliyooshwa vizuri ikakauka. Haipitishi maji, na unaibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto. Iweke juu, mbali na watoto na mbali na jiko. Ndani weka:

Pakiti za ORS angalau mbili kwa kila mtoto mdogo, na zinki. Zinki inatolewa pamoja na ORS kwa siku 10 hata kama kuhara kumekoma, kipimo utaelekezwa kulingana na umri.

Dawa ya homa ya mtoto, umeandika kwenye boksi lake kwa kalamu kipimo ulichoelekezwa kulingana na kilo zake. Saa nane usiku hakuna anayekumbuka.

Kipande cha sabuni, dawa ya kutibu maji ya kunywa, glavu pea mbili, bandeji, pamba, plasta, mkasi mdogo.

Tochi na betri zake. Mshumaa hapana, nyumba nyingi zimeungua kwa mshumaa.

Kanga safi moja. Inafunga kidonda, inabeba mtoto, inamsitiri mama.

Kama kuna mjamzito: kadi ya kliniki na vile vifaa alivyoelekezwa kliniki, vikae humo kuanzia mwezi wa saba.

Karatasi yenye namba za simu, iliyofungwa kwenye nailoni. Andika 115, ndiyo namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Andika 114 ya zimamoto. Andika na ya dereva bodaboda mnayemwamini na ya jirani mwenye gari.

Hela kidogo ya nauli. Hii siyo ya mboga, siyo ya vicoba.

Kumbuka na lile fundisho la ghala: usiweke kila kitu sehemu moja. Kilo chache za unga, maharage, chumvi na sukari zikae chombo kingine. Nakala za vyeti vya kuzaliwa na kadi za bima mpelekee ndugu akutunzie.

Najua hela. Usinunue vyote leo. Wiki hii ndoo na ORS, wiki ijayo sabuni na glavu, mbele kidogo tochi. Ndani ya miezi miwili ndoo imejaa na hujaumia. Kila unapotoka kliniki na mtoto, ifungue uangalie tarehe za dawa. Kilichotumika kirudishwe wiki hiyo hiyo.

Na tuelewane: ndoo hii haichukui nafasi ya hospitali. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, akihara damu, akipumua kwa shida, usikae unachanganya maji. Njoo, na ORS uendelee kumnywesha njiani kwa kijiko kama anaweza kumeza.

Wale mama wa mwaka 1906 walikuwa na akili, walikuwa na bidii, na watoto wao waliwapenda kama sisi tunavyowapenda wetu. Walichonyang'anywa ni akiba ya ndani ya nyumba. Sisi hakuna aliyetuchomea ghala. Tuna duka la dawa mtaani na simu mkononi. Basi tuweke.

Mwenye swali aulize hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Mtumie na wifi yako aliyejifungua juzi. Sehemu ya nne tutaongelea mtoto kuungua na uji au maji ya moto, na kwa nini dawa ya meno haipakwi kwenye kidonda. Usiku mwema.