Nyongeza ya mishahara Serikalini: ni ya nani, na inafidia kiasi gani?

Kila inapokaribia Mei Mosi, wasikilizaji wetu wa Vitongoji na shehia jirani hutuuliza kuhusu mishahara ya Serikali. Tumekusanya hapa mambo ya msingi.

Nani anamlipa nani?
Mwalimu wa skuli na muuguzi wa hospitali ya Vitongoji hulipwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Polisi na ofisa uhamiaji wako chini ya Serikali ya Muungano (SMT). Mei 1, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hiyo ilikuwa ya watumishi wa SMT. Wa SMZ husubiri tangazo la Rais wa Zanzibar.

Zanzibar ilipandisha lini?
Aprili 2017, wakati wa Dk. Ali Mohamed Shein, kima cha chini cha SMZ kilitoka shilingi 150,000 hadi 300,000. Mwaka 2022, chini ya Dk. Hussein Ali Mwinyi, kikafika 347,000, sawa na nyongeza ya karibu asilimia 15.7.

Je, ilifidia kupanda kwa bei?
Tupige hesabu ya mfano. Bei zikipanda asilimia 3 kila mwaka, matumizi ya shilingi 300,000 yatafika karibu 347,800 baada ya miaka mitano. Hapo nyongeza imelingana na bei, hakuna ziada. Zikipanda asilimia 4, yatafika 365,000, na mfanyakazi amerudi nyuma ingawa mshahara umeongezeka. Tena, nyongeza huja mara moja, bali mchele wa mapembe na mafuta hupanda wakati wowote. Alichopoteza katikati hakirudishwi.

Kwa nini wengine hupata kidogo?
Asilimia inayotangazwa mara nyingi ni ya kima cha chini tu. Mwaka 2022 SMT ilitangaza asilimia 23.3, lakini wa ngazi za juu walipata asilimia ndogo zaidi, na wengi wakalalamika mshahara ulipotoka. Pia nyongeza hii si sawa na kupandishwa daraja.

Na asiyeajiriwa?
Mkulima na mvuvi hawaoni nyongeza hii moja kwa moja, ila huuza zaidi mwalimu anapokuwa na pesa. Wazee wa miaka 70 na zaidi wana Pencheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kufikishwa 50,000. Nayo haipandi yenyewe bei zinapopanda, hupanda Serikali inapoamua.

Ukisikia tangazo, uliza haya:
- Ni la SMZ au SMT?
- Ni kima cha chini au ngazi zote?
- Linaanza mwezi gani?
- Baada ya makato, mkononi kinabaki kiasi gani?

Tangazo lisikuingize kwenye mkopo. Subiri kwanza mshahara wenyewe uingie.