Kura na Bahati: Haki ya Kuchagua katika Kivu, 1958–2023

Neno "kura" liliingia katika Kiswahili kutoka lugha ya Kiarabu, na asili yake ni bahati nasibu: vijiti huchanganywa, kimoja huvutwa, na aliyekosa hana la kudai. Maana ya kuchagua viongozi ilifuata baadaye. Historia ya uchaguzi katika Kivu yaonyesha kwamba maana ile ya kale haijatoweka.

Mwaka 1957 utawala wa Kibelgiji uliruhusu uchaguzi wa mabaraza katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Mwaka 1958 zamu ya Bukavu ilifika, katika komini za Ibanda, Kadutu na Bagira. Wapiga kura walikuwa wanaume tu; na hata bunge la kwanza lilipochaguliwa Mei 1960, wanawake hawakushirikishwa. Haki hiyo waliipata kwa Katiba ya Juni 1967. Lakini katika uchaguzi wa rais wa 1970 mgombea alikuwa Mobutu peke yake: kadi ya kijani ilikuwa ya kumkubali, nyekundu ya kumkataa. Wanawake walipewa kura wakati ambapo hapakuwa tena na wa kuchagua.

Kizuizi kingine kilikuwa uraia. Sheria ya 1981 iliufunga uraia wa asili na makabila yaliyokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885, na wasemaji wengi wa Kinyarwanda katika Kivu wakatiliwa shaka. Asiyetambuliwa kuwa raia hakuhitaji kukatazwa kura; hakuwa nayo. Sheria ya Novemba 2004 iliisogeza tarehe hiyo hadi uhuru wa 1960.

Uandikishaji wa 2005 uliwafikia watu zaidi ya milioni 25. Kwa kuwa nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura ilichukua nafasi yake, hata aliyeikosa alikosa zaidi ya kura.

Tangu hapo sheria haimbagui mtu waziwazi. Kinachoamua ni mahali anapoishi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi iliahirisha upigaji kura wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Wapiga kura zaidi ya milioni moja hawakuhesabiwa katika kumchagua. Siku ya uchaguzi wakazi wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao wenyewe, wakijua haitahesabiwa. Desemba 2023 ilikuwa zamu ya Masisi na Rutshuru kukosa, kwa sababu ya vita.

Kongo si peke yake. Marekani ilikataza mwaka 1870 kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake. Hata hivyo kodi na mitihani ya kusoma viliwazuia Weusi wa kusini hadi sheria ya 1965.

Kwa hiyo mtafiti wa uchaguzi hana budi kusoma katiba pamoja na ramani ya vituo vya kupigia kura. Februari 2025 Bukavu yenyewe ilitwaliwa na M23. Palipo na haki iliyoandikwa lakini hapana njia ya kuifikia, mwananchi hurudishwa kwenye vijiti vya zamani: anangoja kuona kama mahali alipozaliwa patamwangukia vema.