Cheti, Hadithi na Kaburi: Kuifuatilia Ndoa ya Louisa Albury wa Mudgee

Utangulizi

Makala haya yananuia kufuatilia maisha na ndoa ya mwanamke mmoja wa mashambani, Louisa Albury, aliyezaliwa tarehe 17 Februari 1848 huko Guntawang, karibu na mji mdogo wa Mudgee katika koloni ya New South Wales, Australia. Wanafunzi wa fasihi ya nchi hiyo wanamjua kwa jina la ndoa, yaani Louisa Lawson. Na aghalabu wanamjua tu kama mamake Henry Lawson, yule mwandishi wa hadithi fupi ambaye Waaustralia humhesabu miongoni mwa waasisi wa fasihi yao. Hapo ndipo penye tatizo letu. Mtu anapojulikana kwa sababu ya mwanawe, maisha yake huanza kusomwa kutoka katika maandishi ya mwana huyo, na mahali ambapo nyaraka zimenyamaza hadithi huletwa zijaze pengo. Swali tunalouliza si kama hadithi zaweza kutumiwa kama ushahidi wa historia ya ukoo. Zaweza, na zimetumiwa. Tunauliza zinashuhudia nini hasa, na kwa manufaa ya nani.

Cheti cha mwaka 1866

Mtafiti wa nasaba za New South Wales ana bahati ambayo watafiti wa sehemu nyingi za dunia hawana. Tangu tarehe 1 Machi 1856 serikali ya koloni hiyo ilishika yenyewe kazi ya kusajili vizazi, vifo na ndoa, kazi ambayo hapo awali ilitegemea vitabu vya makanisa. Cheti cha ndoa cha kipindi hicho kilikusudiwa kubeba mengi: umri, kazi, mahali pa kuzaliwa, makazi, hali ya ndoa ya kila mmoja, na majina ya wazazi. Karatasi moja hivyo huweza kumpa mtafiti vizazi viwili kwa mpigo.

Ndoa tunayoizungumzia ilifungwa tarehe 7 Julai 1866 katika nyumba ya kasisi wa Kimethodisti mjini Mudgee. Bibi arusi alikuwa na umri wa miaka 18. Bwana arusi, Niels Hertzberg Larsen, alikuwa na miaka 34. Alizaliwa Tromøya, karibu na Arendal, pwani ya kusini ya Norway, akawa baharia, na mwaka 1855 alipofika Melbourne alitoroka melini pamoja na rafiki yake, akaelekea kwenye machimbo ya dhahabu kama walivyofanya mabaharia wengi wa miaka hiyo. Watu wa Mudgee walimwita Peter.

Tukome kidogo kwenye jina hili, maana ndilo huwapoteza watafiti wengi. Katika Norway ya wakati ule, watu wengi wa kawaida hawakuwa na jina la ukoo la kurithishana. Larsen ni mwana wa Lars tu, na sheria iliyowalazimu watu wote kuwa na jina la ukoo haikupitishwa hadi mwaka 1923. Hivyo jina alilokuja nalo baharia huyu lilikuwa tayari la kupita. Mtoto wa kwanza alipozaliwa tarehe 17 Juni 1867 huko Grenfell, kwenye machimbo mapya ya dhahabu, jina lilikwisha kufanywa la Kiingereza: Lawson. Ukoo mzima ukazaliwa kwa mabadiliko ya herufi chache. Fauka ya hayo, Mudgee ni wilaya iliyofikiwa mwaka 1821 na mpelelezi maarufu William Lawson, mmoja wa wale watatu waliovuka milima ya Blue Mountains mwaka 1813. Mtu asiyejua habari za Larsen, akiyakuta majina haya mawili katika wilaya moja, atawaunga kuwa ndugu bila kusita. Hawana udugu wowote.

Liko jambo jingine ambalo rejista haiwezi kulisema kwa sababu ilianzishwa na upande mmoja. Nchi hiyo yote ni ya Wawiradjuri. Mwaka 1824, miaka 24 tu kabla ya Louisa kuzaliwa, Gavana Brisbane alitangaza sheria ya kijeshi katika eneo la Bathurst ili kuvunja upinzani wao, na sheria hiyo ilidumu kutoka Agosti hadi Desemba. Nasaba za walowezi wa mashambani hupenda kuanza na shamba, kana kwamba shamba lilikuwa likiwangoja. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kazi isiyo na jina

Louisa alikuwa wa pili katika watoto kumi na wawili wa Henry Albury na Harriet Winn. Alisoma katika shule ya serikali mjini Mudgee, akaonekana kuwa na kipaji, na ikapendekezwa afanywe mwalimu mwanafunzi. Wazazi walikataa, alitakiwa nyumbani kuwalea wadogo zake. Wahakiki wengi hulipita jambo hili haraka ili wafike kwenye ndoa, nasi twaona ni kosa. Binti aliyenyimwa darasa na kupewa watoto wa mamake alikuwa na sababu nzuri ya kumkubali, kabla hajatimiza miaka 19, mgeni aliyemzidi umri kwa miaka 16 na aliyeonyesha dalili za kwenda mahali pengine.

Mahali pengine hapakupatikana. Baada ya Grenfell walirudi upande wa Mudgee, na mwaka 1873 wakachukua kipande cha ardhi huko Pipeclay, ambako baadaye pakaitwa Eurunderee. Hapa sheria ya ardhi ya mwaka 1861, iliyobeba jina la John Robertson, yaeleza mengi kuliko barua yoyote. Mtu aliruhusiwa kuchagua kati ya ekari 40 na 320 za ardhi ya serikali kwa bei ya pauni moja kwa ekari, akilipa kwanza robo, yaani shilingi 5 kwa ekari, kwa sharti kwamba akae hapo na kuiendeleza ardhi. Dhamira iliyotangazwa ilikuwa kuwanyang'anya wafugaji wakubwa ukiritimba wao. Kwa vitendo, maelfu ya familia zilifungwa kwenye vipande visivyotosha kulisha watu, na sharti la kukaa likawaangukia wake. Mume alilazimika kwenda kutafuta fedha kwenye machimbo, kwenye ujenzi, au kwenye kazi ya kuswaga mifugo. Mke ndiye aliyetimiza sharti la sheria kwa mwili wake.

Ndivyo ilivyokuwa Eurunderee. Peter alikuwa akienda na kurudi. Louisa alishona nguo za watu, aliuza maziwa na siagi, alinenepesha ng'ombe, na aliendesha ofisi ya posta iliyosajiliwa kwa jina la mumewe. Mtafiti anayesoma orodha za serikali peke yake ataandika kwamba babu yake alikuwa mkuu wa posta. Alikuwa mkuu wa posta karatasini. Louisa ndiye pia aliyepigania kwa bidii shule ijengwe. Shule ikafunguliwa mwaka 1876, na Henry akaingia darasani akiwa na miaka tisa, wakati uleule masikio yake yalipoanza kufa.

Mwaka 1877 walizaliwa mapacha, Gertrude na Annette. Annette alifariki akiwa na umri wa miezi minane. Shairi la maombolezo ambalo mamake alimtungia lilichapishwa katika gazeti la Mudgee mwaka 1878, na ndilo shairi lake la kwanza kujulikana kuchapishwa. Rejista ya vifo hutupa tarehe na sababu ya kifo. Shairi hutupa kitu cha kwanza katika historia hii nzima kilichoandikwa na Louisa mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, miaka 12 baada ya kutia sahihi cheti cha ndoa.

Mke wa mswaga ng'ombe

Mnamo mwanzo wa miaka ya 1880 Louisa aliondoka, akaenda Sydney na watoto wadogo, kabla hata ya reli kufika Mudgee mwaka 1884. Peter alibaki milimani akifanya ukandarasi wa ujenzi. Talaka haikuwepo. Asiyejua sheria ya wakati huo atahitimisha kwamba ndoa ilikuwa imara na kwamba kazi tu ndiyo iliyowatenganisha. Lakini ni hadi mwaka 1892 sheria ya New South Wales ilipopanua sababu za talaka zikajumuisha kutelekezwa, ukatili na ulevi wa kudumu. Kabla ya hapo, watu kama hawa waliishi mbali mbali na kubaki wanandoa vitabuni. Kukosekana kwa hati, basi, si ushahidi wa amani.

Mwaka huohuo wa 1892, tarehe 23 Julai, gazeti la Bulletin lilichapa hadithi ya Henry Lawson iitwayo "The Drover's Wife". Habari zake zajulikana: mwanamke aliye peke yake msituni na watoto wanne na mbwa, nyoka aliyejificha chini ya nyumba, usiku mzima wa kukesha, na mume aliyeko mbali na kondoo. Siku ya Jumapili mwanamke huyu huvaa vizuri, huwapamba watoto, na kusukuma kigari cha mtoto kwenye njia isiyo na mtu, kana kwamba yumo mjini. Wahakiki wamemtambua Louisa hapa, na hawakukosea kabisa. Idadi ya watoto yalingana na ya waliosalia. Zaidi ya hayo, mwaka 1889 Louisa mwenyewe alikwisha kuchapisha huko Boston, Marekani, makala juu ya mwanamke wa msituni wa Australia. Kwa hiyo yamkini mwana alijifunza kwa mamake jinsi ya kumtazama mwanamke huyo.

Hata hivyo, linganisha. Mke wa hadithini husubiri. Amezoea upweke, hamlaumu mumewe, na mume huyo ni mwema akiwa na fedha, msahaulifu kidogo tu. Louisa hakusubiri. Mwaka 1887 alinunua jarida dogo, Republican, na mnamo Mei 1888 akaanzisha Dawn, jarida la wanawake lililoendeshwa na kupangwa chapa na wanawake, hata chama cha wafanyakazi wa uchapaji kikalisusia kwa kuwa hakikuwakubali wanawake kuwa wanachama. Jarida hilo lilidumu hadi mwaka 1905. Lilidai haki ya kupiga kura, ambayo wanawake wa New South Wales waliipata mwaka 1902, na lilitetea mageuzi yaleyale ya sheria ya talaka tuliyoyataja. (Sheria ya shirikisho ya mwaka 1902 iliwaacha nje wenyeji asilia, wanaume kwa wanawake, isipokuwa wachache waliokuwa na haki hiyo tayari.) Peter alifariki tarehe 31 Desemba 1888. Urithi wake, pauni elfu moja na ushei, uliingia katika mitambo ya kuchapia. Twaona hapa kinaya ambacho mwana hakukiandika: mume aliyekuwa mbali ndiye, kwa kifo chake, aliyelipanulia Dawn kiwanda.

Kwa maoni yetu, hadithi ya 1892 ni ushahidi wa mwana zaidi ya kuwa ushahidi wa mama. Katika tawasifu yake ambayo hakuikamilisha, Henry anakiri kwamba nyumba yao ilikuwa ya huzuni, na huruma yake inamwelemea babake, mtu mpole na mchapakazi. Dadake, Gertrude, aliacha kumbukumbu zinazosimama upande wa mama. Watoto wa ndoa moja, mashahidi wawili. Katika hadithi Henry alipata njia ya kumtukuza mama bila kumhukumu baba: aliwaweka katika ndoa isiyo na ugomvi, akamwachia nyoka kazi ya uadui. Kijana wa mwishoni, anayemwahidi mamake kwamba hatakuwa mswaga ng'ombe kamwe, ndiye mwenye hadithi.

Brian Matthews aliliona tatizo hili alipoandika Louisa, wasifu uliotoka mwaka 1987. Nyaraka zilikuwa haba mno hata akabuni msimulizi wa pili, aruhusiwe kusema yale ambayo mwanahistoria hana idhini ya kuyasema. Wapo waliomwona kama mchezaji. Sisi twaona alikuwa mwaminifu kuliko wale waliochukua kurasa za Henry na kuziandika upya kama matukio ya maisha ya mama. Leah Purcell naye, katika tamthilia yake ya mwaka 2016, aliirudia hadithi hiyohiyo na kumpa mhusika mkuu mama aliyekuwa mwenyeji asilia. Hivyo akagusa lile ambalo hadithi ya awali ilimwachia mtu mweusi mpita njia, aliyejenga rundo la kuni lenye uwazi ndani.

Tangu mwaka 2012 matoleo ya Dawn yanasomeka katika maktaba ya kidijiti ya taifa la Australia. Mtafiti wa leo aweza kwenda moja kwa moja kwenye maneno ya Louisa kuhusu ndoa kwa jumla. Kuhusu ndoa yake mwenyewe hakuandika mengi.

Louisa alifariki tarehe 12 Agosti 1920 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Gladesville, Sydney. Miaka miwili baadaye mwanawe alipewa mazishi ya kitaifa. Louisa yuko Rookwood, ndani ya Sydney. Niels Larsen, ambaye jiwe lake la kaburi wanaukoo huja kulitafuta kwa jina la Lawson, yuko katika kimakaburi kidogo huko Hartley Vale, ng'ambo ya milima.