Je, shingo yaweza kusema siri ya moyo?

Mishipa inayoulisha moyo damu imejificha nyuma ya mbavu na mapafu, juu ya kiungo kisichotulia. Mshipa mkubwa wa shingoni, kwa upande mwingine, uko karibu na ngozi, na kila mtu aweza kuuhisi ukipiga. Mafuta yanayoziba mishipa ya moyo huweza kuushambulia na huo wa shingoni. Ndipo likazuka swali: je, daktari akiitazama shingo, atajua ugonjwa wa moyo umefikia wapi?

Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliunasa mwendo wa moyo kwa mawimbi ya sauti. Hertz alikuwa ameazima kwanza chombo cha kukagua chuma kutoka kiwanda cha kuunda meli cha Kockums, Malmö. Hata hivyo, mishipa myembamba ya moyo haikuonekana.

Mishipa hiyo ilifichuliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1958, huko Cleveland, Marekani, dawa ya rangi iliingia kwa bahati mbaya katika mshipa wa moyo wa mgonjwa wa daktari Mason Sones. Mgonjwa alinusurika, na Sones akatambua kuwa jambo hilo laweza kufanywa kwa makusudi. Tangu hapo, mrija mwembamba, dawa na eksirei vikawa njia kuu ya kuona mshipa upi umeziba na kwa kiasi gani. Lakini kipimo hicho chahitaji chumba maalumu na wataalamu, nacho hakikosi hatari.

Mwaka 1986, Paolo Pignoli na wenzake wa Milan, Italia, walionyesha kuwa ultrasaundi yaweza kupima unene wa tabaka za ndani za ukuta wa mshipa, unene ambao kwa kawaida haufiki milimita moja. Mwaka 1999, utafiti wa Marekani uliowafuatilia wazee 4,476 wasiokuwa na dalili za maradhi hayo ulibaini kuwa kadiri ukuta ulivyokuwa mnene, ndivyo mshtuko wa moyo na kiharusi vilivyozidi.

Matumaini yakapanda. Mwaka 2010 mwongozo wa madaktari wa Marekani ulikikubali kipimo hicho kwa baadhi ya watu. Miaka miwili baadaye, uchambuzi wa takwimu za watu 45,828 ulionyesha kuwa faida yake, juu ya vipimo vya kawaida kama shinikizo la damu na kolesteroli, ni ndogo. Mwaka 2013 Marekani ikaacha kukipendekeza kwa matumizi ya kila siku.

Sababu zaeleweka. Ukuta wa mshipa hunenepa pia kwa uzee na kwa shinikizo la damu, na ugonjwa hautembei kwa mwendo mmoja mwilini. Kinachobeba uzito zaidi ni donge la mafuta lililokwisha kujijenga ndani ya mshipa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 unaruhusu kulitafuta shingoni pale ambapo kupima chokaa katika mishipa ya moyo hakuwezekani.

Kwa hiyo, donge likionekana shingoni ni onyo la kuushughulikia moyo mapema. Lakini shingo safi si hati ya usalama. Mwenye kubanwa na kifua aendapo au apandapo ngazi hana budi kuchunguzwa moyo wenyewe, hata kama picha ya shingo yake haina doa.